Koki Isiyo na Kufuli

Nilifanya kazi miaka 14 kwenye bohari ya mafuta ya mgodi mmoja wa dhahabu huku Kanda ya Ziwa. Miaka sita ya mwanzo, ungeniuliza kazi yangu ni nini, ningekujibu bila kufikiri: kulinda dizeli isiibwe. Na tuliilinda kwelikweli. Boza likiingia getini, lakiri zilihesabiwa moja moja na namba zake zikasomwa kwa sauti huku mlinzi akizifuatisha kwenye karatasi. Koki ya kutolea mafuta ilikuwa na kufuli. Pampu ilikuwa na kufuli. Kifuniko cha tangi juu kilikuwa na kufuli, na mita ilifungwa kwa waya wenye risasi ili mtu asiichezee. Dereva wa dampa alijaziwa tangi lake, akatia sahihi, na lita zake zikalinganishwa na saa alizofanya kazi. Dampa moja kubwa hula zaidi ya lita 1,000 kwa ujazo mmoja, kwa hiyo dumu moja likipungua si rahisi kuliona, lakini tulikuwa tunaliona. Nilikuwa najivunia hilo.

Palikuwa na koki moja tu isiyokuwa na kufuli. Ilikuwa chini kabisa, kwenye kona ya ukuta wa zege uliozunguka tangi, na kazi yake ilikuwa kutoa maji ya mvua. Hakuna mtu aliyefikiria kuifunga. Nani ataiba maji machafu?

Ule ukuta wenyewe ndio ninaotaka kuuelezea kwanza, maana wengi wanaupita kila siku bila kujua uko pale kwa nini. Sisi tuliuita bandi. Tangi letu lilikuwa la lita 100,000, limesimama wima ndani ya uzio wa zege wa mita 12 kwa 12, wenye kimo cha sentimita 80. Kanuni inayofuatwa sehemu nyingi duniani ni kwamba uzio huo uweze kubeba asilimia 110 ya tangi kubwa kuliko yote yaliyomo ndani yake. Tangi likipasuka lote usiku wa manane, mafuta yabaki humo ndani, yasiguse udongo. Piga hesabu: 12 mara 12 mara 0.8 unapata mita za ujazo 115.2, yaani lita 115,200. Kanuni ilitaka lita 110,000. Ziada yetu ilikuwa lita 5,200.

Sasa ije mvua ya vuli, ile inayotanguliwa na upepo wa vumbi halafu inamwagika kama imefunguliwa. Milimita 50 kwa mara moja si jambo la ajabu kwetu. Juu ya eneo la mita 12 kwa 12, milimita 50 ni lita 7,200 za maji. Mvua moja, na ile ziada imeliwa na zaidi. Mvua tatu za namna hiyo bila kuyatoa maji, nawe huna tena ukuta unaotosha tangi lako, ingawa kwa macho hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo maji lazima yatolewe, na ndiyo maana waliojenga waliweka lile bomba la inchi nne na koki yake. Sikuwahi kulipigia hesabu jambo hili mpaka nilipolazimika kulieleza mbele ya watu.

Ilikuwa Novemba. Usiku mvua kubwa ilikuwa imenyesha, na asubuhi bandi ilikuwa na maji ya kufika juu ya kifundo cha mguu. Mchana msimamizi wa zamu alimwambia kijana mmoja, kibarua wa mwezi wa pili tu, akafungue koki ayatoe. Kijana akafungua. Hakuwa amekaa hata dakika kumi, likaingia boza dogo ambalo hatukulitarajia, akaitwa aje kushika mpira wa kushushia. Boza lile lilishusha lita 15,000. Kazi ilipokwisha ilikuwa karibu saa kumi na mbili jioni, zamu inabadilishana, watu wanakimbilia basi. Kijana naye akapanda basi.

Mimi niliingia zamu ya usiku. Mvua ilikuwa imeanza tena.

Utaratibu ulikuwa kwamba kabla ya kupokea boza lolote, mpokeaji apande juu ya tangi, achovye kijiti cha dipu, asome alama ya mafuta, kisha apake dawa ya kutambua maji kwenye ncha yake na achovye mara ya pili. Ngazi ya tangi ilikuwa ya chuma, imelowa, na radi ilikuwa inapiga upande wa milimani. Nikasema nitasoma geji iliyo ofisini. Geji ikaonyesha lita 55,000. Nikaandika 55,000. Kwenye fomu ya kupokelea palikuwa na mstari unaosema "koki ya bandi imefungwa", na kando yake kisanduku. Nikaweka alama ya vema. Niliiweka nikiwa nimekaa kwenye kiti, taa ikiwaka, kalamu mkononi, koki yenyewe iko mita 40 kutoka nilipokaa na mvua ikiwa katikati yetu.

Geji ile ilikuwa imekwama tangu asubuhi. Lita 15,000 za boza dogo haikuziona. Ziliandikwa, lakini ziliandikwa kwenye daftari la mapokezi, na daftari la dipu lilikuwa jingine. Hakuna aliyewahi kutuambia tusome yote mawili pamoja. Ukiondoa kiasi ambacho magari yalikuwa yamekula, nafasi halisi iliyobaki kwenye tangi ilikuwa kama lita 34,000. Boza lililokuwa nje limebeba 38,000.

Nani aliyegundua? Dereva wa boza. Alishuka kwenda haja, akasikia kitu kinadondoka kisichofanana na mvua. Mvua inapiga bati kwa mlio mkavu. Hii ilikuwa nzito, inateleza. Dizeli ilikuwa inatoka kwenye bomba la kupumulia juu ya tangi na kushuka ubavuni kama shuka. Aliniita kwa sauti ambayo mpaka leo nikiikumbuka nashtuka. Tukazima pampu. Boza lilikuwa limekwisha karibu lote.

Na hapo nikapata faraja ya dakika mbili. Nilijiambia, Mungu ni mwema, bandi ipo. Lita 4,000 ni nyingi, lakini zimo ndani ya ukuta, asubuhi tutazinyonya kwa pampu na kuzirudisha. Nikachukua tochi nikamulika ndani ya bandi nione zimefika wapi.

Hapakuwa na kitu. Palikuwa na utando mwembamba unaong'aa, na maji yanayozunguka taratibu kuelekea kona moja, kama maji ya beseni yanavyozunguka ukitoa kizibo.

Nje ya bandi palikuwa na shimo la kutenganisha mafuta na maji. Ni kitu cha busara sana: maji huingia chumba cha kwanza, mafuta kwa kuwa ni mepesi huelea juu, na bomba lililopinda huchukua maji ya chini tu kuyapeleka chumba cha pili na hatimaye nje. Kwa matone ya kila siku hufanya kazi vizuri, mradi watu wasioshe sakafu kwa sabuni, maana sabuni huyachanganya mafuta na maji yakapita pamoja bila kutengana. Lakini halikujengwa kupokea lita 4,000 kwa mkupuo, tena mvua ikiwa inasukuma kwa nyuma. Lilijaa, likafurika, na mafuta yakashika mtaro wa mvua, yakapita chini ya karavati, chini ya uzio, yakaingia korongoni. Korongo lile lilikwenda kwenye lambo ambalo wanakijiji walinyweshea ng'ombe, na pembeni ya lambo, kwenye mchanga, akina mama walichimba vidimbwi vya kuteka maji ya kunywa.

Aliyeokoa lambo ni opereta wa skaveta. Msimamizi wake alipomwambia azibe korongo kwa udongo, alikataa. Alisema ukiziba kwa mvua hii, maji yatapanda na kupita juu, na mafuta ndiyo yatakayopita kwanza kwa sababu yako juu. Akaomba bomba. Tukamletea mawili ya plastiki ya inchi nane, akayalaza yakiwa yameinama: mdomo wa upande wa juu uko chini kabisa kwenye maji, mdomo wa upande wa pili umeinuliwa. Juu yake akamwaga moramu na kushindilia kwa ndoo ya mashine. Maji yakapita chini, mafuta yakabaki nyuma ya tuta. Ni akili ileile ya shimo letu la kutenganishia, imejengwa kwa udongo katika saa moja na nusu. Kulipopambazuka tulijaza magunia pumba za mpunga na vumbi la mbao, tukayafunga kwa kamba, tukayatandaza kwenye maji kama mkufu, yakanywa kile kilichokuwa kimekwishavuka. Kilichofika lamboni kilikuwa kidogo, lakini dizeli kidogo kwenye maji si kidogo. Ng'ombe walikuja, wakanusa, wakageuza vichwa.

Watu nao walikuja na madumu. Walikuwa wanakinga dizeli nyuma ya lile tuta, watoto wamesimama humo mpaka magotini. Siwalaumu; lita moja ya dizeli ina bei, na kwao ilikuwa imemwagwa na mwenye mali. Ila wakati ule sikujua jinsi ya kuwaondoa bila ugomvi, na nilichelewa. Dizeli haiwaki kwa urahisi kama petroli. Huanza kutoa mvuke wa kushika moto ikipata joto la zaidi ya nyuzi 50, wakati petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi kali. Laiti lile boza lingekuwa la petroli! Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia na madumu, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Niliposikia habari ile nilikaa chini. Niliwaona wale watoto wa korongoni tena, mmoja mmoja.

Siku ya nne mgodi ulitutuma kijijini kwenye mkutano. Mwenyekiti wa kitongoji alifungua, bwana mazingira wetu akaeleza kwa lugha ya kitaalamu, kwamba udongo utachimbwa, maji yatapimwa, boza la maji safi litakuja kila siku mpaka vipimo viwe vizuri. Watu walisikiliza kimya. Kisha akasimama mama mmoja mtu mzima, kanga imefungwa kiunoni. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, akaniangalia mimi. Nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mimi sijui mambo ya mashine. Nyumbani kwangu nina ghala la mpunga, na ufunguo wake ninao mimi, sio wanangu wala mume wangu. Panya akiingia, nitaulizwa mimi. Hiyo koki yenu, ufunguo alikuwa nao nani?"

Taarifa ya uchunguzi ilikuwa na kurasa nyingi, na ilitaja geji, mafunzo, na mawasiliano kati ya zamu. Haikuuliza swali hilo. Nilimjibu ukweli: mama, haikuwa na ufunguo. Hakunipigia kelele. Alikaa.

Nimelifikiria jibu lile kwa miaka. Tulikuwa na kufuli saba kwenye bohari moja, zote zinamtazama mwizi. Tulimjua mwizi, tulimwogopa, tulimwekea daftari na risasi na mlinzi. Hatukuwahi kujiogopa sisi wenyewe, watu waaminifu, waliochoka, walioitwa kushika mpira kabla hawajamaliza kazi ya kwanza. Lita 20 zilizoibwa zilikuwa kesi. Lita 20 zilizodondoka chini ya mpira kwa wiki nzima zilikuwa doa tu, tukamwagia mchanga. Lakini udongo haujali kama aliyemwaga ni mwizi au ni mfanyakazi bora wa mwezi.

Kijana wa koki alifukuzwa kazi wiki ileile. Mimi nilipewa onyo la maandishi. Nilikubali kwa kuwa nilikuwa na familia, na sijawahi kuona kama ilikuwa haki. Yeye aliacha koki wazi kwa kuitwa. Mimi niliandika kwamba imefungwa bila kuitazama. Kati ya makosa yale mawili, la kwangu ni zito zaidi, na niliwaambia hivyo wakubwa wangu, ingawa kwa kuchelewa.

Baadaye nilipopelekwa kwenye mafunzo ya usalama nilikuta kwamba kisa chetu kina ndugu zake wakubwa. Buncefield, Uingereza, Desemba 2005: geji ya tangi la petroli ilikwama, swichi ya pili iliyotakiwa kusimamisha mafuta haikufanya kazi, petroli ikafurika kutoka juu ya tangi, na mlipuko wake ukajeruhi watu 43. Kilichonigusa zaidi kilikuwa kuta. Moto ulipokolea, bandi zenyewe zilivuja kwenye maungio na pale mabomba yalipopita ukutani, na maji ya kuzimia moto yakabeba mafuta na dawa ya povu mpaka ardhini. Penye tundu ndipo palipovuja. Halafu Norilsk, Urusi, tarehe 29 Mei 2020, kwenye kituo cha umeme cha kampuni tanzu ya Nornickel, kampuni kubwa ya madini: nguzo chini ya tangi zilititia, na takriban tani 21,000 za dizeli zikamwagika, sehemu kubwa ikaingia katika mto Ambarnaya. Mahakama iliitoza kampuni hiyo rubo bilioni 146, karibu dola bilioni 2. Tangi lile lilikuwa limesimama miaka mingi, na watu wamelizoea.

Kwetu, mabadiliko yaliyofaa hayakuwa yale ya gharama kubwa. Geji mpya ilinunuliwa, pamoja na king'ora cha tangi likikaribia kujaa, navyo ni vizuri, mradi vijaribiwe kila mwezi. King'ora kisichojaribiwa ni pambo. Madaftari mawili yakawa moja. Ngazi ikawekewa vishikio na paa dogo, kwa sababu mtu akiogopa kupanda atatafuta njia ya kutopanda, na hilo ni jukumu la aliyejenga ngazi kabla ya kuwa kosa la mpandaji. Tangi likawa halijazwi zaidi ya asilimia 95. Fomu ikajazwa kwa miguu, si kwa kiti: palepale kwenye koki paliandikwa namba kwenye kibao, inabadilishwa kila siku, na mpokeaji lazima aiandike. Huwezi kuijua bila kwenda.

Ila kubwa kuliko yote, baadaye ile koki tuliiondoa kabisa. Bomba lilikatwa, tundu likazibwa kwa zege, na maji ya mvua yakawa yanatolewa kwa pampu ya mkono inayopitishwa juu ya ukuta. Pampu ya mkono inachosha. Mtu akiondoka, maji yanaacha kutoka. Hakuna namna ya kuisahau ikiwa wazi. Na mwaka uliofuata bandi ikaezekwa bati, mvua ikawa haiingii tena kwa wingi, na ndipo nilipojiuliza kwa nini hatukuezeka tangu mwanzo.

Udongo tuliouchimba korongoni tuliutandaza kwenye kiwanja chenye karatasi nzito ya plastiki chini, tukauchanganya na samadi na mbolea, tukaumwagilia na kuupindua kwa trekta. Vijidudu vya udongoni hula dizeli vikipata hewa, unyevu na chakula. Ilichukua miezi mingi. Harufu ilipungua polepole sana, na siku moja nikaona nyasi zimeota pembeni.

Siku hizi nimestaafu, nashinda kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo. Penye makarasha, zile mashine za kusaga mawe, pana injini za dizeli, na penye injini pana mapipa ya lita 200, yamesimama juani na mvuani, chini yake udongo umekuwa mweusi na unang'aa. Pipa likisimama wima nje, maji ya mvua hutuama juu yake. Mchana pipa hupata joto na kutanuka, usiku hupoa na kuyavuta maji yale ndani kupitia kizibo, injini ikafa na mwenye mali akamlaumu muuza mafuta. Likilazwa, vizibo viwili vikakaa kushoto na kulia kwa usawa mmoja, maji hayaingii. Oili chafu ndiyo hatari zaidi, kwa sababu hakuna anayeihesabu, na hakuna anayeilinda.

Ndugu yangu mwenye karasha, huhitaji fedha za mgodi mkubwa. Jenga kizimba cha matofali ya saruji, mita 2 kwa 2, kimo sentimita 30, piga lipu ndani na sakafuni. Hicho kinabeba lita 1,200. Mapipa manne yakimwagika yote kwa pamoja bado yatakuwa humo. Ezeka bati juu, mteue mtu mmoja wa kukitazama kila jioni, na jina lake liandikwe ukutani. Fundi atakuambia aache tundu la kutolea maji. Mwambie asilitoboe.